Sanduku la Maua ya Pinki

Kazi yangu ya kwanza London ilikuwa kusafisha ofisi, na sina mengi ya kusimulia juu yake. Ya pili ilikuwa kumhudumia mwalimu mstaafu aliyekuwa akipoteza macho. Niliipata kupitia wakala mmoja wa Woolwich mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kwa miaka mitatu nilipanda basi la 54 kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, hadi nyumbani kwake Blackheath. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kumwogesha, kumpa dawa, kupika chai na uji wa shayiri, kufua, kupasha chakula cha mchana. Kulikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa kwenye faili la wakala. Ilikuwa kutazama maua makavu na kumwambia ninachokiona.

Nyumbani tulikuwa watatu na mimi ndiye mkubwa. Kwetu Kivu mkubwa wa kuzaliwa huitwa yaya, awe wa kike au wa kiume, na wadogo zangu hawajawahi kuniita jina jingine. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, na mama nilipofika kumi na sita. Shule nilikuwa nimeshaiacha darasa la sita ili nimsaidie mama kuuza mboga sokoni. Jinsi tulivyotoka huko hadi Woolwich nimeieleza mara nyingi mno mbele ya maofisa, na sina hamu ya kuieleza tena. Tulifika, tukapewa fleti ghorofa ya nne. Mdogo wangu wa kiume akaingia chuo kujifunza ufundi umeme. Kitinda mimba wetu, msichana, akaingia shule ya msingi, na haukupita mwaka akawa ananijibu kwa Kiingereza kila ninapomsemesha kwa Kiswahili.

Wakati ule niliamini kwamba yaya hatakiwi kukosea mbele ya wadogo. Watoto waliokwisha kupoteza baba na mama wanahitaji mtu mmoja anayejua anakokwenda. Kwa hiyo nilijua, hata nilipokuwa sijui. Siku zile za mwanzo tulipopotea mitaani nyuma ya soko la Woolwich, niliwaambia tunanyoosha miguu kidogo. Tukanyoosha miguu saa mbili kwenye mvua.

Mwalimu wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka themanini na kitu, aliyefundisha baiolojia sekondari maisha yake yote. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Alichoweza kuona ni pembeni tu, hivyo akitaka kukutazama wewe alielekeza uso dirishani. Wakala walituagiza tuwaite wateja kwa majina yao ya kwanza. Mimi nilishindwa kumwita mtu wa umri ule jina lake kama vile tumecheza pamoja, nikamwita Mama.

"Mimi si mama wa mtu," alisema.

"Sasa nikuite nani?"

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

"Nimefundisha watu ambao sasa ni babu. Niite Mwalimu, kama jina langu linakutia aibu."

Basi nikamwita Mwalimu, kwa Kiingereza, na jirani yake aliyetusikia siku moja mlangoni alidhani ninajifunza piano.

Yeye na mumewe, ambaye pia alikuwa mwalimu, walikuwa wakienda kila kiangazi kwenye milima ya kusini mwa Ulaya: Hispania, kusini mwa Ufaransa, Italia, Ugiriki. Walikwenda kwa treni na mikoba ya mgongoni, wakachuma mimea ya mwituni, wakaikandamiza katikati ya magazeti hadi ikakauka, wakarudi nayo. Walifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini. Mume alikuwa amefariki zamani, kabla sijafika nchi hii. Mimea ilikuwa imebaki ghorofani, kwenye masanduku ya kadibodi yaliyopangwa kwa rangi ya maua, kila mmea umebandikwa kwenye karatasi nene. Ya njano, meupe na ya bluu yalikwisha kupewa majina zamani, macho yake yakiwa mazima. Lililobaki lilikuwa sanduku la pinki.

Jumba moja la kuhifadhi mimea lilikuwa limekubali kuuchukua mkusanyo wote. Mtaalamu wao angekuja baada ya Pasaka. Sharti lilikuwa kwamba kila karatasi iwe na jina la mmea, mahali ulipochumwa, na maelezo.

"Karatasi isiyo na maelezo ni nyasi kavu," Mwalimu aliniambia. "Wataitupa, na watakuwa na haki."

"Kwa nini hukuyamaliza haya ya pinki?"

"Kwa sababu ndiyo magumu. Na mimi ni mvivu. Ulidhani walimu si wavivu?"

Tulianza mwezi wa kumi. Baada ya chai ya asubuhi nilileta karatasi mezani, karibu na dirisha, na kitabu kikubwa cha kutambulia mimea. Kitabu kile hakikuwa cha kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Kila hatua kilikupa maswali mawili. Ukijibu la kwanza ndiyo, unapelekwa namba fulani, ukijibu la pili, unapelekwa namba nyingine, mpaka ufike kwenye jina. Mimi nilisoma maswali, nikatazama mmea, nikajibu. Yeye alikaa na mikono mapajani, uso dirishani, akisikiliza.

Wiki ya kwanza sikufaa kitu. Kioo cha kukuzia nilikishika mbali, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Akanifundisha kukiweka karibu kabisa na jicho na kuuleta mmea kwenye kioo. Akiniuliza ninaona nini, nilisema, "Ua zuri la pinki."

"Usiniambie pinki. Sanduku zima ni pinki. Na uzuri nao niachie mimi."

Nikajifunza kuacha rangi. Ua likikauka, pinki moja hugeuka bluu, nyingine hudhurungi, nyingine hubaki vilevile miaka arobaini. Ilinibidi nihesabu petali, nitazame kama ncha zake zina meno au zimepasuka katikati, nihesabu kama vijiti vinavyotokea kwenye kifuko cha mbegu ni viwili au vitatu. Kulikuwa na kundi linaloitwa Dianthus, ndugu wa yale maua yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, ambayo chini ya kikombe chake cha kijani yana magamba madogo kama kola ya shati. Kulikuwa na Saponaria, ambayo inatambaa juu ya mawe na haina kola hiyo. Kulikuwa na Silene, ambayo mojawapo huota kama mto wa kulalia, majani yamebanana, na maua yamechomekwa juu kama pini. Kwa mbali yote ni mamoja. Ukiyaweka kwenye kioo, ni watu wa koo tofauti.

Majina ya Kilatini hayakunisumbua. Shule kidogo niliyosoma ilikuwa ya Kifaransa, na Kilatini kinafanana na Kifaransa kuliko Kiingereza kinavyofanana na chochote. Maelezo niliyaandika mimi kwa wino mweusi, Mwalimu akinitajia. Mwandiko wangu ni mzuri. Watawa wa shuleni walituchapa mpaka ukawa mzuri. Kufika mwezi wa pili tulikuwa tumemaliza karibu sanduku zima, na mimi nilikuwa nimeanza kutazama nyasi za pembeni mwa kituo cha basi na kuhesabu petali zake.

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na magazeti kumi na moja yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Haya hayakuwa yamebandikwa. Nilipomwambia, Mwalimu alinyosha mkono akaipapasa kamba.

"Hayo ni ya kiangazi cha mwisho," alisema. "Hayajawahi kufunguliwa."

Akanieleza. Katikati ya Hispania kuna mlima ambao yeye na mumewe waliupanda mara nyingi. Huko huota mmea uitwao Armeria: fundo la majani membamba chini, kisha kikonyo kitupu, na juu yake kitufe cha maua madogo ya pinki. Mumewe alisema mlimani pale kuna aina mbili, moja mteremkoni na nyingine juu kwenye mawe. Yeye alisema ni aina moja tu, ile ya juu imedumaa kwa baridi. Walibishana habari hiyo miaka tisa, kwenye treni, mezani, mbele ya wageni. Kiangazi cha mwisho wakakubaliana wachume mimea kumi na mmoja kutoka chini hadi kileleni, waichunguze pamoja nyumbani, na wamalize ubishi. Waliporudi London mumewe akaugua, na mwezi wa kumi na moja akafariki. Magazeti yakabaki na kamba yake.

"Sasa nataka kujua," alisema. "Kabla huyo mtaalamu hajaja. Nataka kujua nani alikuwa sahihi."

Tulipanga kuanza kesho yake. Baada ya chakula cha mchana alilala kitini, na mimi nikaona nitayarishe kazi. Nikafungua magazeti.

Mimea yenyewe ilikuwa katika hali ya kusikitisha. Vikonyo na maua yalikuwa safi, lakini chini kila fundo lilikuwa na mizizi mirefu yenye udongo, na kuzunguka majani ya ndani kulikuwa na majani ya nje, makavu, yaliyokunjamana, yenye vumbi. Udongo ulimwagika kwenye zulia. Nikafikiria huyo mtaalamu atakavyofungua gazeti na kuukuta uchafu ule, na kwamba mwandiko wangu ndio utakaokuwa pembeni yake.

Nilikuwa nimefunga mafungu ya mboga tangu nikiwa na miaka minane. Lenga-lenga, ambayo wengine huiita mchicha, haipelekwi sokoni na mizizi. Unakata mizizi, unabandua majani ya nje ya chini kwa kidole gumba, unakung'uta, unafunga. Mama aliweza kufanya fungu zima huku akizungumza na mtu mwingine na bila kutazama mikono. Mteja akikuta jani la manjano kwenye fungu lako, kesho anakwenda kwa jirani. Vidole vyangu vilikuwa havijafanya kazi ile miaka mingi, lakini havikuwa vimeisahau. Nikachukua mkasi wa jikoni, nikasafisha mimea yote kumi na mmoja. Haikunichukua hata nusu saa. Nikapitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye zulia. Nilipomaliza, ilikuwa imelala kwenye magazeti mapya, kila mmoja na kijikaratasi chake cha mahali na kimo, nadhifu, kama mboga za mama.

Asubuhi iliyofuata tulianza. Mwalimu alikuwa amevaa sweta lake la kwenda kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Nilisoma maswali ya kitabu. Kitufe cha maua kina ala ya kahawia chini yake, inayoshuka kwenye kikonyo? Ndiyo. Majani yametoka chini tu? Ndiyo. Kisha nikasoma swali lililofuata, na nilikuwa nimeshalisoma lote kwa sauti kabla sijalielewa. Majani ya nje ni mapana kuliko ya ndani, au yote yanalingana upana?

"Hapo," Mwalimu alisema. "Ubishi wote uko hapo. Yeye alisema ile ya juu ina majani mapana nje. Mimi nilisema hayo mapana ni majani ya zamani yaliyobabuka. Tazama vizuri. Tazama yote kumi na mmoja."

Nikatazama. Nilikuwa na mafundo kumi na moja ya majani membamba, yanayolingana, safi. Nilichukua muda mrefu sana na kioo jichoni, nikihama kutoka gazeti moja hadi jingine, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu, ingawa hakuwa na uwezo wa kuuona.

"Yote yanalingana," nilisema.

"Kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja."

Nilidhani angefurahi. Alipapasa meza mpaka akapata kikombe, akanywa chai iliyopoa.

"Miaka tisa," alisema. "Maskini. Alikuwa na uhakika kabisa."

Kisha akanituma rafuni kuleta daftari la mumewe la safari ile ya mwisho. Akanitajia ukurasa. Mwandiko wa marehemu ulikuwa mdogo, wa penseli, na mwishoni aliandika kwamba anaamini ni mbili na kwamba mkewe ataona. Mwalimu akaniambia niandike chini yake, kwa wino: Mimea yote kumi na mmoja imechunguzwa. Aina ni moja. Alikosea.

Niliandika. Mwandiko ulikuwa mzuri kama kawaida, na hilo linanishangaza hata sasa.

Jioni, mezani nyumbani, niliwasimulia wadogo zangu. Sikupanga kuwasimulia. Mdogo wangu wa kiume aliniuliza kwa nini sili, na yote yakatoka. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Yaya wee! Umemmenyea mzungu maua yake kama lenga-lenga! Na pilipili uliweka?"

"Si jambo la kucheka."

"Sawa, silicheki. Lakini sikiliza. Yule mama haoni. Ukinyamaza, nani atajua? Ukisema, atapiga simu kwa wakala, na wewe utarudi kufagia ofisi. Kwa ajili ya majani makavu? Marehemu amekufa, hana haja na majani."

Kitinda mimba wetu alikuwa na miaka kumi. Alinitazama kwa makini, kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha Woolwich, "Lakini ulimwambia umeona kitu ambacho hukukiona."

"Kula chakula chako," nilimwambia.

"Mimi ninakula. Wewe ndiye huli."

"Mtoto, usinijibu."

"Na sasa yeye anafikiri mume wake alikosea, na pengine hakukosea. Si ndiyo?"

Kaka yake aliinuka kuosha sahani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kuambiwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikwenda kanisani Peckham, nikaimba, nikarudi, na sikuweza kukumbuka mahubiri yalihusu nini. Haikuwa kazi tu iliyonitia hofu. Kazi za kuhudumia wazee zilikuwepo, hata kama wakala angenifukuza. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba tangu mama azikwe sikuwahi kumwambia mtu yeyote, mkubwa au mdogo, kwamba nimekosea, na sikujua jambo hilo huanzia wapi.

Jumatatu nilimwogesha Mwalimu, nikampa dawa, nikampikia uji. Alipokaa mezani nikabaki nimesimama.

"Mwalimu, yale majani ya nje niliyatoa mimi."

"Majani gani?"

"Ya Armeria. Siku ile umelala. Nilikata mizizi na kubandua majani ya nje, yote kumi na mmoja. Niliona ni uchafu. Kwa hiyo ulipouliza, hayakuwepo. Sikuona kama yanalingana. Niliona yaliyobaki."

Uso wake ulikuwa dirishani, kwa hiyo nilijua ananitazama.

"Kaa chini," alisema.

Nikakaa. Nilingoja anikemee. Badala yake akaanza kuniuliza, kama mtu anayeandika ripoti. Niliyabandua kwa kidole au kwa mkasi? Kwa kidole, mkasi ulikuwa wa mizizi. Kila mmea majani mangapi? Sita, kumi, sikuhesabu. Je, nilihisi mapana? Nikafumba macho na kujaribu kukumbuka kwa kidole gumba. Nikamwambia kwamba mengine yalikuwa mapana. Baadhi. Lakini nilikuwa nafanya haraka, na siwezi kuapa ni ya mimea ipi.

"Yako wapi sasa?"

"Kwenye mashine ya kufyonza vumbi."

Nikaleta mfuko wa mashine. Tulitandika gazeti mezani, nikaupasua. Ndani kulikuwa na vumbi la wiki mbili, nywele zake nyeupe, makombo ya biskuti, kifungo, udongo wa Hispania. Niliyachambua majani yale kwa koleo ya nyusi, moja moja, kutoka saa nne hadi chakula cha mchana kikapita saa yake. Nilipata arobaini na matatu mazima na vipande vingi. Niliyapanga kwa upana. Yalikuwepo mapana, yalikuwepo membamba, na yalikuwepo mengi ya katikati.

"Mapana mangapi?"

"Kumi na tisa, kama nitaita haya mapana."

"Usiite. Pima."

Nikapima kwa rula, nikayasoma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haithibitishi kitu," alisema. "Labda ya mimea ya juu peke yake, naye alikuwa sahihi. Labda ya mimea yote, na sote wawili tulikuwa wajinga. Hatujui."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekasirika sana," alisema, kwa sauti ileile. "Nitakuwa nimekasirika mpaka Alhamisi hivi. Leta daftari."

Nikaleta daftari. Nikauliza kama nina ruhusa ya kuufuta ule mstari. Nilikuwa nimenunua kifutio cha wino kwenye duka la magazeti, kimo mfukoni mwa koti.

"Usifute kamwe. Piga mstari mmoja katikati, ili anayesoma aone ulichoandika na aone kwamba umekikataa. Halafu andika tarehe, na jina lako."

Nikapiga mstari mmoja juu ya Aina ni moja na juu ya Alikosea. Chini yake nikaandika alichonitajia: Haijulikani. Nikaandika tarehe na jina langu lote, la ukoo na la ubatizo.

Kisha tukaibandika ile mimea kwenye karatasi kumi na moja, tukaandika maelezo yake. Armeria. Aina haikutambulika. Mizizi na majani ya nje yaliondolewa na mhudumu kabla ya uchunguzi. Majani yaliyopatikana yamo kwenye bahasha, hayajulikani ni ya mmea upi. Na jina langu tena, mara kumi na moja. Ile ya saba nilijaribu kufupisha kwa kuandika kwamba majani yalipotea. Aliniambia niisome, nikaisoma, akasema, "Hayakupotea. Yaliondolewa. Andika upya."

Hakupiga simu kwa wakala. Alhamisi ilipita na nadhani hasira ilikwisha Ijumaa. Lakini kuanzia hapo, kila nilipomjibu swali la kitabu, aliniuliza mara ya pili: "Unakiona, au unafikiri unakiona?" Aliniuliza hivyo hata juu ya tarehe ya mwisho kwenye chupa ya maziwa. Ilinichosha. Lakini alikuwa na sababu.

Mtaalamu alikuja wiki mbili baada ya Pasaka, mwanamume wa makamo mwenye gari dogo la mizigo. Alikaa mezani nusu siku akipitia masanduku, akisifu karatasi za njano, akisifu karatasi za bluu. Alipofika kwenye zile kumi na moja alisoma maelezo, akasoma tena, akafungua bahasha akachungulia.

"Mhudumu huyu ni nani?"

"Ni mimi," nilisema. Nilikuwa nimebeba sinia ya chai.

Alinitazama, akatazama karatasi. Kisha akamgeukia Mwalimu, akamwambia kwamba kwa kawaida mimea isiyo na majani ya chini hawaichukui. Lakini mahali na kimo cha mlima vimeandikwa vizuri kwa kila mmoja, na kama mtu angetaka kwenda kuutazama ubishi ule upya, angejua mahali pa kusimama. Ataichukua.

"Kwa hiyo haujaisha," Mwalimu alisema.

"Ubishi? Hapana, haujaisha."

Mwalimu aligeuza uso dirishani. Akaniuliza kama chai ipo, nikamwambia ipo, mbele yako, upande wa kulia. Akaipapasa, akaipata.

"Angefurahi mno," alisema. "Angeanza upya palepale tulipoachia. Mimi ninaendelea kusema ni moja."

Yule mtaalamu akaziweka karatasi kumi na moja kwenye sanduku, juu ya nyingine, akafunga kamba. Nikamsaidia kushusha masanduku hadi kwenye gari. Yalikuwa tisa.